Mheshimiwa Apimwa Imani

Serikali ilitangaza kwa fahari kubwa kwamba kuanzia Jumatatu hakuna raia atakayebadili dini mpaka ithibitike kuwa anaamini kutoka moyoni. Kufuata mchumba, kufuata cheo na kufuata mkumbo kulipigwa marufuku. Sheria ilitiwa saini na Waziri wa Mambo ya Roho. Kazi ya kupima ikapewa ofisa mmoja mnyoofu ambaye wenzake walimwita Mizani.

Mizani aliipenda kazi yake. Alikuwa na chumba chenye feni na swali moja: "Unaamini, au unatafuta kitu?" Wengi walitafuta kitu. Kinyozi mmoja alikiri kwamba kwenye dini anayoitaka watu wananyoa mara kwa mara. Akarudishwa nyumbani na dini yake ya zamani.

Kisha akaingia mke wa Waziri. Hapo Mizani akaelewa sheria ilitungwa kwa ajili ya nani.

"Ukihama unapata nini, mama?"

"Ugomvi nyumbani."

"Na kingine?"

"Usingizi. Siku hizi nalala."

Mizani alitafuta kosa, maana alijua mkubwa wake anataka nini. Hakuliona. Akampitisha huku jasho likimtoka.

Kesho yake Waziri alifika mwenyewe, mkewe akasubiri kwenye benchi la nje. Mizani alijiandaa kufukuzwa kazi, lakini mkubwa alikuwa mpole.

"Wakwe wananicheka," alisema. "Nipitishe na mimi, yaishe."

"Huko ni kufuata mke, mheshimiwa. Sheria yako imekataza."

"Basi nabaki na dini yangu."

"Hiyo uliipataje?"

"Nimezaliwa nayo, bwana. Baba alikuwa nayo."

"Kufuata baba," Mizani alisema kwa masikitiko ya kikazi. "Umewahi kuiamini?"

"Sikupata nafasi," alijibu.

Mizani akatamka rasmi kuwa mheshimiwa hana dini. Mwanasheria wa ofisi, aliyekuwa pembeni akichokonoa meno, akainua kichwa.

"Lakini aliapishwa kwa kitabu cha dini hiyo. Kiapo ni batili. Huyu si waziri."

"Basi sheria aliyoitia saini haipo," Mizani akasema taratibu.

"Wala ofisi hii," akamalizia mwanasheria, akachukua koti lake.

Habari zilimtangulia mheshimiwa hadi nje. Dereva alikuwa ameshaondoka na gari. Mkewe alikuwa anashuka ngazi, anaelekea ibadani, naye akamfuata kwa miguu.

"Unanifuata kwa kuwa umeamini?" mkewe akauliza.

"Hapana. Sina pa kwenda."

Mkewe akampa mkoba aubebe.

"Twende," akasema. "Hilo ndilo neno la kweli la kwanza kulisikia kwako tangu tuoane."