Uvimbe Wangu na Uvimbe wa Azzan

Jumatatu, 5 Mei 2025
Nimekojoa damu tena. Mke wangu Hayat amenikokota hadi hospitali. Dokta Orlane ameingiza kamera mahali ambapo sitapaandika humu. Kuna uvimbe kwenye kibofu. Saratani. Bado mdogo, amesema, tumeuwahi. Atautoa, na kipande kitapelekwa nje ya nchi kwa utafiti: wataalamu wasome jeni za kinga, zipi zimeamka, zipi zimelala.
Nje, kwenye benchi, nani? Azzan! Jirani yangu wa duka pale mtaa wa Rohero, auzaye vipuri vilevile ninavyouza mimi. Naye kibofu. Naye utafiti. Hata ugonjwa ameniiga!

Jumatano, 7 Mei
Nimempigia Dokta kuuliza uvimbe upi ni bora. Kwanza akaniomba nirudie swali. Kisha akaeleza: jeni za kinga zikiamka, askari wa mwili hujaa ndani ya uvimbe, panakuwa na moto, na huenda dawa ikapata wasaidizi. Zikilala, uvimbe ni baridi.
Basi wa Azzan ni baridi. Mtu mwenyewe baridi, hata chai yake. Wangu utawaka! Nimenunua pilipili, kikapu kizima.

Alhamisi, 8 Mei
Pilipili asubuhi. Pilipili na samaki wadogo wa ndagala mchana. Pilipili kwenye chai. Hayat amepiga kelele: "Baba Hiba, we utakufa na pilipili mbele ya saratani!" Masikini, hana elimu ya jeni.

Ijumaa, 9 Mei
Nimekosa sala ya Ijumaa. Niko chooni. Tumbo linawaka, kibofu kinawaka. Habari za jeni sina.

Jumanne, 13 Mei
Siku ya upasuaji. Nimefika nimekauka kama ndagala wa juzi. Dokta ameahirisha. Nikakiri. Akavua miwani: "Mzee Massoudi, pilipili haiamshi jeni. Tena moto si wote mzuri, mwingine unalisha uvimbe. Ukitaka kunisaidia, acha sigara." Nikaitikia kwa unyenyekevu mkubwa.
Nafasi yangu kapewa Azzan! Alipopitishwa kwenye kitanda cha magurudumu, alikuwa akisoma dua. Nikamshika mkono, sijui kwa nini. "Massoudi, mi naogopa," akasema. Hata mimi niliogopa. Nikamwahidi kuliangalia duka lake.
Nimeliangalia. Bei zake ni kichekesho.

Jumatatu, 16 Juni
Nami nilishatolewa uvimbe. Leo majibu. Jeni zangu za kinga zimeamka kiasi. Za Azzan zimeamka zaidi. Azzan! Yule barafu! Dokta amesema hilo ni la watafiti, matibabu yetu ni mamoja: tutawekewa dawa ndani ya kibofu, ya kuwaita askari. Matumaini ni makubwa. Hayat amelia kwa furaha. Mimi nimelia kwa sababu zangu.

Jumatano, 18 Juni
Dawa imeingia, yangu na ya Azzan. Dokta ameturuhusu kuondoka, ila ameagiza tubane mkojo kwa muda wa saa mbili, kisha tukojoe, tusizidishe hata kidogo. Muda ulipotimia Azzan alikwenda msalani, mtiifu kama mwanafunzi. Kashindwa! Mimi bado nabana, hapa nyuma ya duka, miguu imesukana kama mkeka. Dokta anapiga simu, sipokei. Hayat anagonga mlango. Azzan yuko dirishani, ananisihi kwa jina la Allah nikakojoe.
Wivu tu.