Koko Anastasie na Picha za HEIC

Jumatatu, 10 Machi
Kavira ameleta studioni picha za arusi yake. Shemeji yake ndiye aliyezipiga, kwa simu mpya ambayo Kavira ameniachia, zote aina ya HEIC. Programu yangu ya kupanga picha imegoma kuzifungua. Inajua JPEG tu! Anataka moja ikuzwe: yeye na bibi yake, koko Anastasie. Koko anarudi kijijini Aveba Alhamisi, miguu imechoka, hatakuja tena hapa Bunia. Picha nyingine ya pamoja hawana. Nimeapa kwamba itakuwa tayari kesho. Kwa nini niliapa?

Jumanne, 11 Machi
Usingizi hakuna. Nimefuta HEIC mwisho wa jina la picha, nikaandika JPEG. Akili hiyo! Programu ikaonyesha weusi mtupu. Guelord wa studio ya ng'ambo ya barabara amechungulia mlangoni bila kuitwa. Eti niongezee programu kipande kidogo, ni bure, nibonyeze mara moja, itasoma HEIC zote. Hata zile mpya za AVIF, eti. Nimemwambia weye shughulika na yako. Mimi niliyemfundisha kushika kamera! Jamais, kamwe!

Kavira amepita kuuliza. Nimejificha nyuma ya pazia.

Jumatano, 12 Machi
Nimepata! Picha si inaonekana kwenye simu? Basi naipiga picha simu yenyewe! Nimeilaza mezani karibu na dirisha. Joto la mabati, nimevua shati. Nikainama, tiki! JPEG safi. Nimeichapa kubwa, nimeifunga kwa karatasi ya zawadi bila hata kuitazama vizuri. Guelord atajuta.

Alhamisi, 13 Machi
Ee Mungu wangu! Koko ameifungua hapa studioni mbele ya ukoo mzima, mizigo yake tayari kwenye gari. Ameisogeza karibu na macho. Kisha ameuliza huyu muzee tumbo wazi, aliyesimama kati yake na mujukuu wake, ni wa upande wa bwana arusi? Nimetazama. Ni mimi! Nimeonekana kwenye kioo cha simu, kamera mkononi, mdomo wazi. Kavira amelia. Amenyakua simu, amevuka barabara. Guelord ameichapa ile picha kabla dereva hajapiga honi. Koko ameibusu picha, ameifunga ndani ya kitenge, ameondoka. Nimeona aibu hadi masikioni.

Jumamosi, 15 Machi
Mama Léonie amefika na picha za ubatizo kwenye simu. AVIF! Programu imegoma. Guelord amepaza sauti toka ng'ambo kwamba ni kubonyeza tu. Abonyeze yeye! Kosa langu nimelijua, silirudii. Nimeilaza simu mezani. Nimevaa koti, nimefunga tai. Nimetabasamu, ndipo nikapiga.