Habari za Nusu Siku na Kazi Iliyoachwa Mezani

Sogezeni viti, enyi mlio na nafasi, nanyi mlio na haraka simameni hapo mlangoni na mguu mmoja ndani. Kwa maana nitawasimulia habari za alasiri ile ambayo Nusu Siku, binti wa fundi saa, mvumilivu wa mvuke, mwoanishaji wa soksi zisizo na idadi, aliinuka kutoka katika kigoda chake chenye mguu mfupi, akaenda hatua saba, akatamka maneno mawili. Wengine wamesimulia kuanguka kwa miji yenye kuta. Mimi ninayajua haya ya dukani, nami nitayapanga moja baada ya jingine, nisije nikamdhulumu mtu.

Lilikuwapo duka la dobi lenye mlango mmoja na dirisha lisilofunguka. Upande wa kulia alitawala Bwana Pasi, mkunjua makunyanzi, mwenye mkono mmoja mnene kuliko mwenzake kwa kuinua chuma miaka ishirini. Upande wa kushoto alitawala Mama Lebo, mlinzi wa daftari, ambaye hakuna vazi lililoingia wala kutoka bila kipande cha karatasi kilichobanwa kwa pini yake. Baina yao palikuwa na hatua tatu, na katika hatua hizo tatu halikupita neno hata moja kwa miaka sita.

Chanzo cha uhasama huo kilikuwa kifuniko cha chupa ya chai. Kilipotea Jumatatu moja, kila mmoja akaamini kimepotezwa na mwenzake, na tangu hapo chai ikawa inapoa. Sikuwapo siku hiyo, kwa hiyo siwezi kusema nani alikosea.

Nusu Siku aliitwa hivyo kwa kuwa aliajiriwa kwa nusu ya pili ya siku tu, tangu saa saba hadi jioni. Kazi yake kwa maandishi ilikuwa kuoanisha soksi zilizopotezana, ambazo zilijaa katika kapu lisilowahi kuonekana kitako chake. Kazi yake kwa kweli ilikuwa ujumbe baina ya falme mbili.

"Nusu Siku, mwambie huyo mama shati la bluu halina lebo."

"Mama, shati la bluu halina lebo."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie lebo ipo, atazame kwapani."

"Bwana Pasi, atazame kwapani. Yaani, utazame."

"Mwambie mimi makwapa ya watu siyachungulii."

Hivyo ndivyo zilivyokwenda alasiri zake, miaka miwili, na asante ya mmoja haikumfikia yeye kwa sababu ilimpita ikienda kwa mwingine, na lawama za wote wawili zilimwangukia yeye, kwa kuwa ndiye aliyezitamka.

Sasa geuzeni macho muitazame nyumba ya baba yake. Fundi saa alikuwa na meza chini ya dirisha dogo, na dirisha hilo lilipokea jua tangu saa nane hadi saa kumi, kisha ghorofa ya jirani ikalimeza. Saa hizo mbili ndizo pekee alizoweza kuona kazi yake. Jioni moja alimwambia binti yake, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sabuni:

"Mwanangu, mkono bado unajua, ila jicho limeanza kunidanganya. Nikiona skrubu mbili, najua ni moja. Siku nitakayoona tatu, sitajua nishike ipi. Njoo nikufundishe kabla sijafika tatu."

"Nitakuja Jumapili, Baba."

Akaja Jumapili, na Jumapili zilizofuata. Lakini kile vilichojifunza vidole Jumapili, vilikisahau kufikia Alhamisi. Ndipo asubuhi ya Jumanne, wakinywa chai, Nusu Siku akamwona baba yake akipapasa kikombe upande usio na kishikio, akipapasa tena, akijifanya anaupasha mkono joto. Saa ya kazi ilipofika alivaa viatu, akafunga kamba fundo mara mbili, na katika fundo la pili vita vilikuwa vimetangazwa.

Sheria ya duka ilikuwa hii: anayetoka kazini amwarifu Bwana Pasi, naye Bwana Pasi amwagize Mama Lebo aandike daftarini. Oneni ugumu wa ngome hiyo.

Saa nane kasoro robo, jua likijiandaa kufika mahali ambapo yeye hayupo, alisimama mbele ya meza ya pasi.

"Bwana Pasi, naacha kazi."

Bwana Pasi hakuinua macho kwenye kola. "Iache tu hapo mezani. Usiiache kitini kama juzi, nilikalia soksi ya watu."

Akageuka upande wa kushoto.

"Mama, naacha kazi."

"Iache, mwanangu, utaimalizia kesho. Na umwambie huyo apunguze mvuke, wino wangu unatoa machozi."

"Bwana Pasi, upunguze mvuke," alisema Nusu Siku, maana mazoea ni adui anayekaa ndani ya kinywa, akarudi kigodani mwisho wa duka, ameshindwa.

Alikaa huko akioanisha nyeusi na nyeusi, akitafakari. Lugha ilikuwa imemgeuka. Neno kazi lilikuwa moja kwa ajira na moja kwa kapu, na duka zima lilijua la kapu tu. Saa nane na nusu akachukua silaha nzito zaidi, neno la mawaziri, lisiloweza kuwekwa mezani.

"Mama, ninajiuzulu."

Pasi ikapumua mvuke wake mrefu wakati huohuo.

"Unajiuguza? Pole, mwanangu. Unajiuguza nini?"

"Kujiuzulu, Mama."

"Mwambie huyo bwana kwamba binti anaumwa," alisema Mama Lebo, "na asimpe mashuka ya hoteli leo."

Bwana Pasi akamtazama Nusu Siku kwa huruma ya kweli, akamsogezea feni. Natamani ijulikane kwamba hakuwa mtu mbaya.

Ilipogonga saa tisa, binti wa fundi saa aliinuka. Alilikumbatia lile kapu, akaenda hatua saba hadi meza iliyo katikati, akalipindua. Zikamwagika soksi za makarani na za wachezaji, za wachanga na za wazee, zilizotoboka na zilizosalimika, kama jeshi linaloteremka mlimani bila viongozi, naye akasimama juu ya maporomoko hayo akanena:

"Kazi hii hapa. Sitaimalizia kesho, wala kesho kutwa, na wala siumwi. Kesho jua likiingia dirishani nitakuwa mezani kwa baba yangu. Kazi inabaki, mimi ndiye ninayeondoka."

Hapo, kutoka kitako cha kapu ambacho binadamu hakuwahi kukiona, kikadondoka kitu cha duara, kikaviringika kati ya soksi, kikazunguka mara tatu, kikalala chali. Kilikuwa kifuniko cha chupa ya chai.

Bwana Pasi akaisimamisha pasi. Mama Lebo akaiweka kalamu chini.

"Nusu Siku," alisema Bwana Pasi taratibu, "mwambie huyo mama..."

"Nusu Siku," alisema Mama Lebo, "mwulize huyo bwana..."

Ndipo shujaa wetu alipotamka maneno yale mawili.

"Mwambie mwenyewe."

Walimtazama. Wakatazama mlango, kana kwamba angeingia mjumbe mwingine. Kisha Bwana Pasi akakohoa miaka sita kutoka kooni.

"Kilikuwa kapuni."

"Nakiona," alisema Mama Lebo.

"Kapu siku zote lilikuwa upande wako."

"Wakati huo lilikuwa katikati. Wewe ndiye uliyekuwa unatundika chupa hapo juu yake."

"Basi mwandike huyu binti, ameacha kazi."

"Naandikaje? Ameiacha wapi?"

"Si hiyo mezani, huoni?"

Nayo yakaandikwa, nami nimeyasoma kwa macho yangu daftarini: *Nusu Siku ameacha kazi. Ipo mezani.* Alipofika barabarani bado walikuwa wakizozana, ana kwa ana, na mmoja wao alikuwa amemimina chai.

Alifika nyumbani saa kumi kasoro robo. Baba yake alikuwa ameinama mezani, lenzi jichoni, kibano kikielea hewani juu ya saa ya mkononi ya jirani.

"Mbona mapema?"

"Nimeacha kazi, Baba."

Yeye, peke yake kati ya wote walioambiwa siku hiyo, alielewa mara ya kwanza. Alivua lenzi, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Kaa upande wa dirisha. Unaona skrubu ngapi?"

"Moja."

"Basi shika hiyo."

Na iandikwe palipo na nafasi kwamba, ghorofa ya jirani ikiwa tayari imelifikia jua, skrubu ndogo kuliko punje ya mchanga iliingia mahali pake kwa mkono wa Nusu Siku, ikazungushwa mara mbili na nusu, na saa iliyosimama tangu Ijumaa ikaanza kutembea. Mzee aliiweka sikioni, akasikiliza muda mrefu, kisha akaihamishia kwenye sikio la binti yake.