Vipande vya Sare ya Mashangazi

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mwaka wa tatu sasa najifunza cherehani kwa Fundi Mwishehe hapa Tabata. Mshahara wangu: chai na chapati. Chapati moja! Leo nimemuuliza kwa adabu zote, shikamoo kwanza, ni lini nitaanza kulipwa kwa kila nguo kama mafundi wenzangu. Akauliza mafundi wenzangu ni akina nani. Sesilia akacheka. Sesilia ni mwanagenzi mwenzangu, amekuja nyuma yangu, na anacheka vibaya.

Ndipo Fundi akanisomea mila. Mwanagenzi hafunguliwi hivihivi. Anamletea fundi wake kilemba, zawadi ya kumshukuru, halafu ndiyo anakabidhiwa cherehani yake na malipo yake. Na cherehani ya kulipiwa iko moja tu. Wiki hii kuna oda ya arusi. Atakayemfurahisha kwa kazi na kwa kilemba, mimi au Sesilia, ndiye atakayeikalia.

Yaani mtu asiyenilipa ananidai zawadi! Wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nimeinama miaka mitatu. Mgongo unauma na mvunguni hamna kitu.

Kilemba nitakitoa wapi? Kwenye chapati?

Jumanne, 5 Agosti

Oda imeingia. Shangazi Tabu, shangazi mkubwa wa bibi arusi, na wenzake kumi na mmoja. Magauni ya sare. Kitenge cha zambarau chenye tausi wa njano, kimeagizwa nje, na ni siri kubwa. Upande wa bwana arusi wasijue hata rangi mpaka Jumamosi saa ya kuingia ukumbini. Shangazi Tabu anasema mwaka jana kwenye kitchen party waliibiwa sare, akajikuta amefanana na majirani asiosalimiana nao, presha ikampanda akalazwa. Akamwapisha Fundi. Akaniapisha mimi. Akamwapisha hata kijana wa kuleta mkaa wa pasi.

Tumeteremsha pazia la duka. Joto!

Fundi ameshika suti za wasimamizi, hana muda. Akapima yeye, Sesilia ashone, na mkasi akanikabidhi mimi. Mkasi! Akili ikaanza kufanya kazi pale pale. Mkono wa gauni ukiupunguza kidogo, kwapa kidogo, pindo kidogo, hakuna atakayejua. Mara magauni kumi na mawili. Nimelala njaa lakini na tabasamu.

Na si wizi. Desturi ya mafundi wote inajulikana: vipande havirudi kwa mteja. Mteja haulizi, fundi hasemi. Kweli vipande ni vya fundi mwenye duka. Lakini mimi ni fundi mtarajiwa.

Jumatano, 6 Agosti

Sesilia ana kiherehere. Kashika mkono wa gauni la Shangazi Tabu, kaugeuza mara mbili, akasema hili kwapa halitoshi, huyu mama ana mwili. Nikamwambia hicho ni kitambaa cha nje, kinalegea kikishavaliwa. Akasema kitenge hakilegei. Nikamwambia asome mambo ya kisasa. Akashona. Wivu tu.

Jioni nikaenda Pugu na aproni ya mfano niliyoishona kwa vile vipande, tausi katikati ya kifua, kamba za bitana nyeusi. Kwa nini Pugu? Hapo ndipo akili ilipo. Pugu ni mbali. Nani wa Tabata atakwenda Pugu kula wali?

Nikampata Bi Hija, mama lishe mwenye sifa ya pilau. Shikamoo, marahaba, akaipenda papo hapo. Anataka nane, za wasichana wake wote, na zifike kabla ya Jumamosi, kwa sababu amepata tenda ya kupika kwenye shughuli ya watu wazito mjini na hataki aibu. Nikampa hongera. Sikuuliza ni wapi. Mfanyabiashara hachunguzi mambo ya wateja.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Nchi nzima imepumzika, Fundi anasema sikukuu ni ya wakulima, sisi hatukulima kitu.

Aproni nimezishona nne usiku wa juzi, nne usiku wa jana, zote nane zimekwenda Pugu, ile ya mfano kabaki nayo Bi Hija mwenyewe, na hela nimepokea. Nikapita dukani nikanunua kilemba cha nguvu: kanzu nyeupe, imetengenezwa kiwandani, imo ndani ya mfuko wa nailoni na kadibodi kolani. Nikampa Fundi mbele ya Sesilia ili aumie. Fundi akaifungua. Akaitazama mishono kwa ndani, kwa muda mrefu. Akauliza kama nimemnunulia fundi cherehani nguo ya dukani. Nikasema ndiyo, ina lebo. Akavuta pumzi akaiweka begani. Hakuikataa! Kamwe usikate tamaa na wazee.

Zawadi ya Sesilia ilikuwa kichekesho. Kauchukua mkasi wa zamani wa Fundi, ule aliorithi kwa baba yake, kaupeleka kunolewa na kukazwa skrubu. Mkasi wake mwenyewe, anarudishiwa mwenyewe! Fundi akakata nao kipande cha kitambaa, kikakatika bila sauti, akageukia ukutani akawa anafuta miwani. Nilimwonea huruma Sesilia.

Mashangazi walikuja kujaribu. Shangazi Tabu akajiingiza kwenye gauni, akabana pumzi, akasimama wima mbele ya kioo, mikono imeshuka. Akasema limemkaa. Kweli lilimkaa. Hakunyanyua mkono, na mimi sikumwomba anyanyue.

Kesho baada ya arusi Fundi anatangaza.

Jumamosi, 9 Agosti

Siandiki sana. 

Fundi huwa anaalikwa kwenye arusi aliyoishonea, na mwanagenzi anakaa mlangoni na sindano na uzi kwa dharura. Leo zamu yangu. Nikasimama mlangoni. Mshereheshaji akatangaza kwa mbwembwe kwamba sasa wanaingia mashangazi wa bibi arusi, na sare ambayo Dar es Salaam haijawahi kuiona. Muziki. Mashangazi kumi na wawili kwa mstari, zambarau na tausi, mikono imebana mbavuni kwa sababu haiwezi kwenda kwingine.

Na mlango wa jikoni ukafunguka. Bi Hija mbele, wasichana wanane nyuma, masinia ya pilau. Zambarau na tausi.

Vichwa vikageuka huku na huku. Kisha meza ya upande wa bwana arusi wakaanza kupiga makofi, wakidhani ni kampuni moja ya chakula. Mzee mmoja akamwambia Shangazi Tabu, kwa upole kabisa, pilau imepungua chumvi. Mama mwingine akamwagiza soda mbili, baridi. Bi Hija kaniona mlangoni, akanipungia kwa furaha, akawaonyesha wenzake: Romani yule, fundi wetu! Mungu wangu. Mkono wote ameunyanyua, yeye aproni haimbani.

Ikaja saa ya kumtunza bibi arusi. Shangazi Tabu akajikaza, akachukua noti, akanyanyua mkono juu ya kichwa cha bibi arusi. Kraa! Kuanzia kwapani mpaka kiunoni. Mdogo wake akakimbia kumziba kwa mikono miwili. Kraa! Wakafuata wengine. Sindano nilikuwa nayo moja.

Fundi alikuwa amekaa meza ya mbele, amevaa kanzu yangu. Alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo, na nasema wazi hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia: niliona aibu mpaka masikio yakapiga kelele. Kisha nikakimbia.

Jumapili, 10 Agosti

Mashangazi wote wamekuja nyumbani kwa Fundi asubuhi, na magauni kwenye mifuko. Nimeitwa. Nikakaa chini.

Fundi aliongea vizuri mno. Alisema katika maisha yake hajaona mtu anayekula vipande vya mteja. Alisema kitambaa cha mteja ni amana. Alisema baba yake angekuwa hai angelia. Mkewe akaleta chai na kuwasogezea wageni mito ya kukalia. Shangazi Tabu akakaa. Akainuka. Akauchukua mto akaupeleka dirishani. Maua mekundu, mistari ya dhahabu. Akauliza kwa sauti ndogo, hii si sare yetu ya kitchen party mwaka jana, uliyotushonea wewe?

Fundi akakohoa. Akaendelea kukohoa.

Kulikuwa na mito sita ya kitambaa hicho sebuleni, na mapazia.

Wamekubaliana hivi: magauni yote yatanuliwe bure. Wanaleta kitenge kingine kile kile, kiasi cha kutosha, na yawe tayari kabla ya Jumamosi ijayo, siku mashangazi wanapompeleka bibi arusi kwa wakwe zake Kibaha. Mito wameondoka nayo.

Nilidhani sasa mimi na Fundi tuko sawa. Nikamwambia, wageni walipotoka, kwamba kumbe sote ni wamoja, basi tuzungumzie malipo. Alinirushia kikombe. Hakikunipata. Chai ilinipata.

Jumanne, 12 Agosti

Sesilia amekabidhiwa cherehani. Analipwa kwa kila nguo. Mimi nimerudishwa mwaka wa kwanza: kufagia, kutia mkaa kwenye pasi, kufumua mishono ya magauni kumi na mawili. Chapati imebaki nusu. Kanzu hajanirudishia.

Sesilia amenipa nusu ya chapati yake. Nimekula. Inakera mtu mbaya akikutendea wema.

Lakini kuna habari. Kitenge kimeletwa leo na mashangazi wameleta kingi mno, wanaogopa kisipungue. Na Bi Hija amenipigia. Hana kinyongo kabisa. Aproni zimemletea sifa, upande wa bwana arusi wamempenda, wamempa tenda nyingine Jumamosi hii na anataka vitambaa vya meza vya tausi wale wale. Shughuli iko Kibaha.

Nimemwambia vitakuwa tayari. Sikuuliza ni ya nani. Kibaha ni mbali zaidi ya Pugu. Nani wa Tabata atakwenda Kibaha?