Kura ya Pili ya Ziara ya Ziwa

Jumatatu, 20 Aprili

Siku kumi zimebaki! Alhamisi ya wiki ijayo inapigwa kura ya pili ya Ziara ya Ziwa. Kilomita sitini za baiskeli kandokando ya Ziwa Ontario, Jumapili moja ya Septemba, barabara kuu imefungwa, hakuna gari hata moja. Toronto nzima inaitaka, nafasi ni chache, kwa hiyo wanapiga kura ya majina, bahati yako tu. Ya kwanza ilikuwa Machi. Mimi sikupata. Reza alipata. Huyu ni daktari wa meno, jirani yangu hapa Vaughan, kaskazini mwa Toronto, na ni mwaka wake wa tatu mfululizo. Tangu siku hiyo anakwenda kununua maziwa amevaa kaptura ya kubana. Hakuna aliyemwomba.

Na mimi ndiye mtoto wa Tanga, mji wa baiskeli! Marehemu baba aliuza spea za baiskeli miaka arobaini. Hapa kwenye kituo chetu cha Kiislamu, Barabara ya Bathurst, bado wananiita Nazarali Baiskeli, ingawa nina miaka ishirini na nane nauza marumaru Downsview.

Lakini si kwa ajili ya Reza. (Kidogo ni kwa ajili ya Reza.) Ni kwa ajili ya Zeena. Binti yangu alipata nafasi kura ya kwanza, na aliomba kwa mzaha tu na wenzake wa duka la dawa. Oktoba anahamia Halifax kikazi, pwani ya mashariki, saa mbili kwa ndege. Mimi nilisema neno moja kuhusu Halifax. Labda maneno arobaini. Tangu Januari akipiga simu anaongea na mama yake. Nikiichukua mimi, ghafla ana mteja. Sasa wiki iliyopita amemwambia mama yake kwamba baba akipata nafasi, tutaendesha pamoja. Masaa manne kando ya mwanangu, na hawezi kukata simu!

Nafasi hii nitaipata. Niandikwe mjinga nisipoipata.

Jumanne, 21 Aprili

Mkakati wa kwanza umekufa. Nilikuwa nimewaandikisha mke wangu Parveen na mama mkwe, ili mmoja wao akipata anipe. Mama mkwe ana miaka themanini na nne na anatembelea mkongojo. Nilimweka kundi la waendao kasi, maana nilisikia halina watu wengi. Leo ikaja barua pepe ya kumwuliza saizi ya kofia ngumu. Ikaangukia kwenye simu ya Parveen.

Amenisomea masharti kwa sauti. Nafasi haihamishwi. Siku yenyewe wanakagua kitambulisho chenye picha. Akasema sifanani na mama yake. Nikamjibu kwamba nikivaa kofia na miwani ya jua... Hakunisubiri nimalize.

Wamefutwa wote wawili. Mama mkwe amesikitika. Alishaanza kuuliza atavaa nini.

Alhamisi, 23 Aprili

Akili imefunguka! Kila Alhamisi jioni kituoni, kabla ya dua, husomwa majina ya wagonjwa na ukumbi mzima huitikia amin. Watu mia tatu! Kura ya watu elfu thelathini, na mimi nina amin mia tatu nyuma yangu. Nani mwenye mtaji kama huo?

Nilimwuliza Sheikh kwanza kama kura ya baiskeli ni kamari. Alicheka, akasema hakuna aliyeweka dau, endesha baiskeli yako. Basi, kuiombea si dhambi. Tatizo ni kwamba hakuna orodha ya wanaotaka baiskeli. Iko ya wagonjwa tu, na anaiandika Bi Narjis, ambaye hapitwi na jambo lolote kati ya hapa na Dar es Salaam. Fomu yake ina mistari miwili: jina, na ugonjwa. Nikajaza jina. Mstari wa ugonjwa nikauacha wazi. Sikusema uongo. Mungu anaijua shida yangu, hahitaji fomu.

Nikaketi nyuma kabisa, karibu na viatu. Nilisomwa wa nne. Amin ile! Niliisikia hadi kwenye meno.

Parveen naye aliisikia, upande wa wanawake. Alinisubiri kwenye gari. Nikamweleza ukweli wote. Akauliza niliandika ugonjwa gani. Nikasema hakuna, niliuacha wazi kwa uaminifu. Akafumba macho. Akasema kwa watu wetu ugonjwa usiotajwa ni ule mmoja tu.

Sikumwelewa.

Jumamosi, 25 Aprili

Nimemwelewa. Ugonjwa usiotajwa ni saratani.

Saa tatu asubuhi nilikuwa chumba cha chini, juu ya baiskeli ya mazoezi, ile isiyokwenda popote. Bandu bandu huisha gogo. Dakika arobaini, jasho chapachapa, miguu inatetemeka, kengele ya mlango ikalia. Nikapanda ngazi kwa kushika ukuta. Mlangoni Bi Narjis na mumewe, na sufuria ya khichri, ule wali laini wa choroko. Nyuma yao gari jingine linaegeshwa. Wakanitazama nilivyoiva uso na nisivyoweza kusema kwa kuhema. Bi Narjis akaanza innalillahi. Mumewe akamkanyaga mguu.

Kufikia adhuhuri: sufuria sita za supu ya kuku, chupa nne za maji ya zamzam, blanketi moja. Mzee mmoja amenilaumu kwa kunyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, alisema, na machozi yakamtoka. Nilitaka kusema kweli. Nilifungua mdomo kabisa! Lakini unawaambiaje watu walioacha shughuli zao za Jumamosi kwamba umewaliza kwa ajili ya baiskeli? Nikakohoa. Kile kikohozi ndicho kilichoharibu zaidi.

Parveen anasema njia ya mwongo ni fupi. Nimemwomba siku tano tu, hadi matokeo. Na Zeena asiambiwe kitu, nitamwambia mwenyewe. Amekubali kwa shingo upande. Supu ya tatu ilikuwa tamu sana.

Jumapili, 26 Aprili

Kwetu mgonjwa mahututi haachwi hivi hivi. Watu huja kumwomba radhi, wasije wakakutana naye akhera na lawama. Leo wamekuja tisa! Sikujua nina maadui wengi hivi. Mmoja aliwaambia wateja kwamba marumaru zangu zinapasuka. Mwingine miaka sita ananiita bahili nyuma ya mgongo wangu. Wote nimewasamehe kwa sauti dhaifu. Majina nimeyahifadhi.

Wa mwisho alikuwa Reza. Alipiga magoti kando ya kochi. Kiangazi kilichopita, matembezi ya baiskeli ya kituo, ni yeye aliyetoa upepo kwenye tairi langu la nyuma, kwa sababu nilikuwa mbele yake. NILIJUA! Mwaka mzima Parveen ananiambia ni msumari!

Nikamsamehe. Akalia kwa kwikwi, mtu mzima, daktari. Nikajisikia vibaya, kisha vizuri, kisha vibaya tena. Akasema, Nazarali bhai, ndugu yangu, Ziara ya mwaka huu nitaiendesha kwa niaba yako. Nikamwuliza kama haiwezekani mimi niende kwa niaba yake. Akalia zaidi. Alidhani naweweseka.

Jumanne, 28 Aprili

Kikundi cha baiskeli cha Reza kimeagiza fulana ishirini zenye picha yangu kifuani. Picha yenyewe ni ya harusi moja ya kituoni, mdomo umejaa biriani. Siwezi kulalamika. Mgonjwa halalamikii picha.

Lakini Reza ameleta na habari! Waandaaji wameweka pembeni nafasi chache za wagonjwa, nje ya kura kabisa. Inatakiwa barua ya daktari tu. Nikamwachia ghala Armel, Mkongo wangu anayeendesha foklifti ya kuinulia marumaru, nikakimbilia kliniki. Daktari akapima presha. Akapima sukari. Akasikiliza moyo mara mbili. Akasema nina moyo wa kijana wa miaka thelathini. Nikamwomba asikilize tena. Nikamtajia goti. Akalikunja, akalikunjua, akasema goti zima. Miaka sitini na moja, na sina hata ugonjwa mmoja wa kunifaa!

Jema moja. Zeena amepiga simu mara tatu, na akamwomba mama yake ampe mimi! Aliongea Kiingereza kama kawaida yake, nami Kiswahili kama kawaida yangu. Aliuliza kama nakula. Nikasema nakula sana. Akauliza kama kuna jambo nataka kumwambia. Nikasema hakuna. Kisha akasema ananipenda. Maneno hayo sijayasikia kwake tangu akiwa shule. Sikuuliza yametoka wapi. Amin za Alhamisi zimeanza kufanya kazi.

Alhamisi, 30 Aprili

NIMEPATA!

Saa nne na dakika saba asubuhi, katikati ya ghala. Hongera, Nazarali! Nilipiga ukelele, Armel akaruka kutoka kwenye foklifti akidhani nimeangukiwa na sanduku. Nilipomweleza akanibeba juu, akasema patron, yaani bosi wake, ameshinda, Mungu ni mukubwa. Nikampigia Zeena. Haikupokewa. Nikampigia Parveen. Akasema njoo nyumbani, akakata.

Zeena alikuwa jikoni. Masanduku mawili kando ya friji. Alikuwa amefunga chumba chake cha kupanga mjini, Regent Park, na kuja na nguo zake.

Alizisikia habari zangu tangu Jumatatu, kwenye kundi la simu la akina shangazi. Akangoja nimwambie mwenyewe. Akanipigia mara tatu ili nimwambie. Sikumwambia. Basi ameandika Halifax kwamba haendi tena. Na Jumanne hiyo hiyo, baada ya simu, akarudisha nafasi yake ya Ziara, kwa sababu Septemba atakuwa kando ya kitanda changu.

Kura ya pili hupigwa kwa nafasi zilizorudishwa.

Simu ilikuwa mfukoni mwangu, bado inasema Hongera. Sikuitoa. Zeena akanigusa paji la uso kutazama kama nina homa. Akanipashia supu. Nikainywa yote kwa sababu nilishindwa kumtazama.

Ijumaa, 1 Mei

Nimemwambia asubuhi. Orodha, mstari mtupu, supu, goti, kila kitu. Parveen alisimama mlangoni kuhakikisha siruki sehemu.

Zeena alisimama. Alivaa koti, akatoka nje, akaizunguka nyumba mara mbili. Nilimwona dirishani akipita, kisha akipita tena. Akarudi. Akaniuliza baiskeli hii ina nini hata nikubali kuzikwa nikiwa hai. Nikamwambia. Masaa manne na wewe, na huwezi kukata simu.

Akaketi. Kisha akasema kwa Kiswahili, kile Kiswahili chake cha kuokoteza ambacho sijakisikia tangu akiwa na miaka tisa: Baba, si ungenipigia tu?

Nililia. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Nilimwambia kwamba naogopa Halifax. Kwamba ni mbali, na kwamba baba yangu alipokufa mimi nilikuwa mbali. Akanishika mkono. Tukala khichri ya Bi Narjis, ilikuwa imebaki sufuria nzima. Akanionyesha picha za nyumba atakayopanga, na bahari yao ya kijivu. Tulianza saa tatu, tukainuka saa tisa. Hakuna aliyetazama simu.

Halifax amewaandikia tena, na bado wanamtaka. Nafasi yake ya Ziara haitarudi. Atanisubiri mwisho wa barabara, asema, na chupa ya maji. Amenitoza ahadi mbili. Ya kwanza, niwaambie kweli watu wa kituoni. Ya pili, nikimkumbuka nipige simu, nisianze mipango. Nimeahidi zote mbili kwa moyo mweupe.

Jumapili, 3 Mei

Ahadi ya kwanza nimeitimiza, kwa kiasi.

Baada ya sala ya adhuhuri nilisimama mbele ya kipaza sauti. Ukumbi kimya. Nilikuwa na karatasi yenye sentensi nane. Nikasoma ya kwanza, wazi kabisa: ndugu zangu, mimi si mgonjwa. Kabla sijafika ya pili, Bi Narjis akapaza salawati kutoka upande wa wanawake. Ukumbi ukalipuka! Reza akanikumbatia, amevaa fulana yenye uso wangu. Mtu akapiga kelele, muujiza! Wazee wakapanga mstari kunigusa bega. Nilinyanyua karatasi. Nilisema kwamba kuna sentensi nyingine. Hakuna aliyesikia.

Nikaketi. Nilichosema ni kweli tupu. Watu wanne wamenipa majina ya wagonjwa wao niwaombee, eti dua yangu inapokelewa haraka. Parveen hajaongea nami tangu tupande gari.

Ahadi ya pili ni nyepesi zaidi. Zeena alisema siku yoyote, saa yoyote, na hatakata. Mchana huu nilimkumbuka. Nikaishika simu. Nikalitazama jina lake. Lakini kumpigia tu hivi hivi, mtu anaanzaje? Anasema nini? Nikafungua mtandao badala yake.

Halifax nao wana mbio zao za baiskeli! Juni mwakani, kilomita tisini. Tisini! Hayo ni masaa sita. Watu ni wengi kuliko nafasi, kwa hiyo wanapiga kura. Nimejiandikisha. Nimemwandikisha na Zeena, kwa barua pepe ya ghala, ili asisumbuliwe. Parveen hajui. Armel ameapa kunyamaza.

Zeena nitampigia matokeo yakitoka.