Mashine Inayolia Mlangoni Kwangu

Ndugu Mwenye Duka la Mashine,

Amani ya Mungu iwe nawe na wote wa nyumbani kwako. Mimi ni fundi cherehani, mke wa yule mzee mstaafu uliyemuuzia mashine ya kutafutia vyuma ardhini. Utamkumbuka: alikuhoji asubuhi nzima, akazishika zote, kisha akachukua ile ya kwanza. Nakuomba kwa heshima uje uichukue kabla ya Jumamosi. Sababu ni hizi:

1. Mashine ni mwongo. Mume wangu anatafuta vitu vya kale: mikuki, sarafu, vikuku vya wafalme. Lakini uani kwetu inalia kila hatua, kama mtoto anayeota meno. Hivi wafalme wote hao walifuata nini uani kwangu?

2. Ulimwonyesha kitufe cha kuiambia ipuuze takataka. Hakigusi. Anasema Mungu hakuumba chuma cha kudharauliwa. Mimi ni mtu wa sala, ndugu yangu, nikaitikia amina. Wewe ndiye ungekibonyeza na kukigandisha kwa gundi kabla hajatoka dukani.

3. Imevunja undugu. Shemeji yangu ana chuma mguuni tangu apate ajali. Alipokuja kutusalimia, mashine ikamlilia, na mume wangu akamsihi asisogee, akakimbilia koleo la kuchimbia. Shemeji hajarudi. Mama mkwe naye, mashimo yamemzunguka pale kitini, kila siku anauliza lipi ni lake.

4. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Mlangoni pa chumba changu cha kushonea, mashine hailii tena, inapiga yowe. Mume wangu ameapa kwamba hazina iko hapo, na Jumamosi anavunja kizingiti ashuke hadi kwenye msingi. Ndani kuna sare za shule nzima, na ukuta wenyewe una ufa tayari. Nyumba ikianguka, nitakuja kushonea dukani kwako, na mama mkwe nitakuja naye. Anapenda kukaa karibu na dirisha.

Kama kuichukua ni vigumu, basi nibadilishie kwa iliyo kiziwi. Mume wangu nimeshamwombea. Sasa zamu yako.

Msalimie mkeo, watoto, msaidizi wako wa dukani, na mteja yeyote anayeikodolea macho mashine kama hiyo. Huyo mwambie apitie kwangu kwanza.

Dada yako katika imani,
Fundi wa Sare

Nyongeza: Usije. Mzee hakungoja Jumamosi. Nikiwa natafuta bahasha, amechokoa udongo wa mlangoni kwa kijiko changu cha jikoni, akaniletea bakuli zima la vichuma vyenye kutu. Anasema ni mishale ya watu wadogo wa kale. Ndugu yangu, ni pini na sindano zangu! Miaka yote hii nafagia chumba kila jioni na kusukumia taka nje ya mlango huohuo. Mashine yako haijasema uongo hata mara moja. Lakini tangu astaafu, mume wangu alikuwa wa kukaa na kutazama ukuta. Leo amecheka mpaka mama mkwe akainuka kitini kuja kuona. Sasa nimwambieje? Nimempa sahani yangu ya wageni azipange. Kisha nimefagia chumba kama kawaida, na sindano zilizovunjika nimezimwaga uani, mbali kidogo na ukuta.