Shibe Imeniharibia Tuisheni

Jumatatu, 3 Machi
Hasira! Benchi lote la mbele tupu. Tangu shule ianze kuwapa watoto chakula cha bure, wanafunzi wangu wa tuisheni wanayeyuka. Leo mama mmoja kaja kunishukuru, eti mwanawe sasa anaelewa hesabu darasani, hanihitaji tena. Mwaka mzima nimemfundisha kugawanya, ananikodolea macho tu! Kapewa maharage, kawa profesa. Na mimi nile nini?

Jumanne, 4 Machi
Nimepita nyumba kwa nyumba kuwaonya wazazi kwamba chakula cha mchana kinalaza ubongo. Mke wangu akanikumbusha kuwa mimi nisipokula hugombana hata na paka. Nikampuuza. Jioni binti yetu, mwanafunzi wangu wa mwisho, naye akaaga. "Baba, usinune. Zamani darasani nilikuwa nasikia njaa tu. Sasa namsikia mwalimu."
Nimenuna.

Alhamisi, 6 Machi
Kesho wazazi wanakutana kwenye ukumbi wa shule kuamua kama chakula kiendelee. Nina mpango kabambe! Nitakula sahani ya shule mbele yao, kisha nipewe hesabu ubaoni. Nitasinzia, nitakoroma, chakula kitafutwa. Nimejizoeza kukoroma mpaka mke wangu akanitoa nje. Chakula cha usiku nimekisusa, ili kesho shibe inilemee vizuri.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwisha! Mpishi wa shule, mama mwenye mdomo yule, alinijazia wali na maharage pomoni huku akitangaza kwamba nimekonda. Nikala. Nikaomba nyongeza, kwa ajili ya ushahidi. Nikafumba macho. Kidogo tu nikachungulia ubaoni: mwalimu wa hesabu, mpinzani wangu wa siku zote, kaniandikia mfano na kakosea jawabu! Mbele ya watu! Nani angevumilia? Nikaruka, nikampokonya chaki, nikasahihisha, nikaendelea na hesabu ambazo hakuna aliyeniuliza. Ubao ukajaa. Mpishi akasema, "Kumbe akishiba ana akili."
Ukumbi mzima ukacheka. Chakula kikapitishwa bila hata mmoja kupinga. Aliyepiga makofi zaidi ni binti yangu mwenyewe. Msaliti!

Jumamosi, 8 Machi
Nimetafakari kutwa, na kosa nimeliona. Nilikula kidogo mno! Sahani mbili haziwezi kumlaza mtu mwenye kichwa kama changu. Utafiti lazima uendelee. Jumatatu nitakwenda shuleni na sahani yangu, ile kubwa. Binti nimeshamwambia aniwekee nafasi kwenye foleni.